Kuzima Kipengele cha Kivinjari ni Zaidi ya Kuficha Kitufe

Toleo la 148 la kivinjari cha Firefox, lililotoka Februari 2026, lilileta ndani ya mipangilio yake sehemu mpya ambayo imejadiliwa sana na kueleweka kidogo. Sehemu hiyo inampa mtumiaji swichi moja ya kuzuia vipengele vya akili mnemba vilivyomo kwenye kivinjari, pamoja na vile ambavyo bado havijatengenezwa, na chini yake anaweza kuamua kipengele kimoja kimoja endapo hataki kuvikataa vyote. Waliofurahi wameiita ushindi dhidi ya akili mnemba, na waliokereka wameiona kuwa ni kuwanyenyekea watu wachache wanaoogopa kila kipya. Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwa sababu zimelifanya jambo hili kuwa kura ya kuikubali au kuikataa teknolojia fulani. Hoja yangu ni kwamba thamani ya swichi hiyo iko kwingine: inakubali kwamba mtu akisema hapana, jibu lake linapaswa kuendelea kuheshimiwa baada ya sasisho linalofuata, na lile la baada yake. Hilo ni jambo ambalo vivinjari vingi havijawahi kuliahidi, na hata hii Firefox imelifikia baada ya kusukumwa na watumiaji wake.

Msukumo wenyewe ulianza kusikika wazi Desemba 2025, pale mkurugenzi mkuu mpya wa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, Anthony Enzor-DeMeo, alipotangaza kwamba Firefox itakuwa kivinjari cha kisasa chenye akili mnemba. Katika tangazo hilohilo alisema kwamba akili mnemba iwe hiari na iwe rahisi kuzimwa, lakini wengi hawakuamini, na sababu za kutoamini kwao zilikuwa na historia ndefu. Mwaka 2015 huduma ya Pocket ya kuhifadhi makala iliunganishwa moja kwa moja ndani ya Firefox wakati ingeweza kabisa kubaki kiendelezi, yaani programu ndogo ambayo mtu huiongeza kwenye kivinjari kwa hiari, na asiyeihitaji alilazimika kuisaka ndani ya mipangilio iliyofichika ili aizime. Miaka 10 baadaye huduma hiyo ikafungwa na Mozilla yenyewe. Desemba 2017 kiendelezi cha kutangaza tamthilia ya televisheni kilijitokeza ndani ya vivinjari vya watu ambao hawakukiomba, kikiwa kimepitia mfumo uliokusudiwa majaribio ya utafiti, na kampuni ikaomba radhi. Julai 2024, toleo la 128 lilikuja na mfumo wa kupima ufanisi wa matangazo ukiwa umewashwa tayari. Mfumo huo ulibuniwa kwa nia ya kulinda faragha, na kiufundi ulikuwa na mengi ya kupongezwa, lakini mwezi Septemba noyb, shirika la kutetea faragha, liliwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Austria kwa sababu mtumiaji hakuulizwa. Ninaitaja Firefox kwanza kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo kivinjari kinachojinadi kuwa upande wa mtumiaji. Ikiwa huko mambo yalikuwa hivi, kwingine hakuhitaji maelezo marefu. Chrome, katika toleo la 69 la Septemba 2018, ilianza kumwingiza mtu kwenye akaunti ya kivinjari pale alipoingia tu kwenye Gmail, na swichi ya kuzuia hilo ikaja katika toleo lililofuata baada ya malalamiko makali, yakiwamo ya mtaalamu wa usimbaji fiche Matthew Green.

Kinachounganisha matukio haya ni utaratibu wa kutoa masasisho. Hadi mwaka 2011 matoleo makubwa ya Firefox yalitoka kwa nadra. Mwaka huo yakaanza kutoka kila baada ya wiki 6, na tangu 2020 kila baada ya wiki 4. Chrome nayo ilifika kwenye wiki 4 mwaka 2021. Kasi hii ina faida kubwa ambayo sitaki kuipuuza: mianya ya usalama huzibwa mapema, na mtumiaji hahitaji kufanya chochote. Tatizo ni kwamba kiraka cha usalama na kitufe kipya cha upau wa kando husafiri katika furushi moja. Anayetaka kukataa kitufe kwa kubaki na toleo la zamani anabaki pia na mianya ambayo wahalifu wameshaijua, na kwa hiyo hana namna ya kukataa iliyo salama isipokuwa ile ambayo mtengenezaji ameamua kumwekea ndani ya mipangilio. Ndiyo maana naona swichi ya kuzima ni sehemu ya mapatano kati ya pande mbili. Tulikubali masasisho ya lazima kwa sababu ya usalama, na hatukuwahi kukubali kwamba njia hiyohiyo itumike kutuletea chochote ambacho idara ya masoko imekipenda msimu huo.

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu neno "kuzima" limebeba maana nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu anapobofya kitufe kwa kulia na kuchagua kukiondoa kwenye upau, mara nyingi amekificha tu. Kipengele chenyewe bado kipo, bado kinaweza kuitwa kwa mkato wa kibodi, na huenda kinaendelea na kazi nyuma ya pazia. Hatua ya pili ni kuzuia kipengele kisifanye kazi, na hapo ndipo mipangilio mingi huishia. Hatua ya tatu ni kuondoa kile kilichopakuliwa kwa ajili yake, jambo ambalo lina uzito zaidi sasa kwa kuwa modeli za akili mnemba zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yenyewe huchukua nafasi kubwa ya diski na hula kifurushi cha data zinapopakuliwa. Hatua ya nne ni kusitisha vikumbusho, vile vidirisha vinavyochomoza kukuuliza kama ungependa kujaribu, vikiwa na vitufe viwili tu: kubali, au labda baadaye. Hatua ya tano, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuhakikisha kwamba uamuzi huo unabaki pale kipengele kinapobadilishwa jina, kinapogawanywa kuwa viwili, au kinapohamishiwa sehemu nyingine ya programu. Mtumiaji wa kawaida akisema amezima, anamaanisha hatua zote tano. Kivinjari kikisema kimezimwa, mara nyingi kinamaanisha ya kwanza au ya pili. Malalamiko mengi ya kwamba kitu kimerudi chenyewe yanazaliwa katika pengo hilo.

Wanaojua kompyuta hujibu kwamba njia za kuzima kikamilifu zipo kwa anayetaka. Kwenye Firefox kuna ukurasa wa about:config, wenye maelfu ya vigeuzi, yaani mipangilio ya ndani ya programu, na vingi kati ya vile vya akili mnemba vinatambulika kwa majina yanayoanza na browser.ml. Kwenye Chrome kuna chrome://flags, na kwenye Edge ya Microsoft kuna edge://flags. Nimewahi kumwongoza mtu mzima kupitia ukurasa wa aina hiyo kwa simu, na najua jinsi onyo la mwanzoni linavyotosha kumrudisha nyuma mtu ambaye lengo lake lilikuwa kusoma barua zake kwa amani. Lakini tuseme woga haupo. Bado kurasa hizi hazikutengenezwa kuwa mahali pa kuhifadhi maamuzi. Vigeuzi vya chrome://flags ni vya majaribio kwa asili yake. Vingi huwekewa toleo ambalo muda wao utakwisha, na muda ukifika huondolewa na kipengele hubaki kama mtengenezaji anavyotaka. Vigeuzi vya about:config hudumu zaidi, ila hakuna ahadi kwamba kipengele kipya kitakachoongezwa mwezi ujao kitakuwa chini ya kigeuzi ulichokizima mwezi huu. Kwa hiyo anayezitegemea njia hizi hajamaliza kazi. Ameajiriwa bila malipo kusoma maelezo ya kila toleo na kurudia kuzima.

Watengenezaji wana hoja zao, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ya kiufundi. Kila swichi huru huzidisha mara mbili idadi ya hali ambazo programu inaweza kuwa ndani yake: swichi 10 zinatoa hali 1,024, na swichi 20 zinatoa zaidi ya milioni moja. Hakuna timu inayoweza kuzijaribu zote, na hitilafu nyingi za ajabu hutokea kwenye michanganyiko ambayo hakuna aliyeifikiria. Ya pili inahusu mambo ambayo hayapaswi kuulizwa kabisa. Firefox ilipowasha kwa wote mwaka 2019 kinga dhidi ya vidakuzi vya wafuatiliaji (faili ndogo zinazowawezesha kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine), na vivinjari vilipoiondoa Flash, programu ya zamani ya kuchezesha video na michezo, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, watu wengi walilindwa bila kujua na bila kubofya chochote. Kama kila mmoja angeulizwa kwanza, wengi wangepuuza swali na kubaki hatarini. Anayedai kwamba kila badiliko lingoje ruhusa anasahau kwamba uchovu wa maswali nao ni madhara. Mabango ya vidakuzi yamewafundisha mamilioni ya watu kubofya "kubali" ili tu bango lipotee.

Naikubali hoja hii ya pili kwa moyo mweupe, na ninadhani ndiyo inayotupa kipimo. Kuondolewa kwa Flash kulipunguza kile ambacho kivinjari kinafanya kwa niaba ya wengine, na kinga dhidi ya wafuatiliaji ilipunguza taarifa zinazotoka kwa mtumiaji. Vipengele vinavyozua mgogoro vinaelekea upande wa pili: vinasoma ukurasa uliofunguliwa, vinatuma maandishi kwenye seva ya mbali, vinaongeza mhusika mwingine kati ya msomaji na kile anachosoma, au vinapendekeza bidhaa. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kipengele cha Edge cha kuwafuata watengenezaji wa maudhui kilikuwa kikipeleka kwenye huduma ya Bing anwani za karibu kila ukurasa ambao mtumiaji aliutembelea, hata kama hakuwahi kumfuata mtu yeyote. Hapo ndipo tofauti ilipo. Badiliko linalopunguza kufichuliwa kwa mtumiaji linaweza kuwashwa kwa wote. Linaloongeza kufichuliwa linapaswa kusubiri kualikwa. Kwa kipimo hicho, tafsiri ya kurasa ya Firefox, iliyokuja katika toleo la 118 mwaka 2023 na inayofanyika yote ndani ya kompyuta ya mtumiaji, ina hoja nzuri ya kuwapo, ingawa nayo ni akili mnemba. Hili wapinzani wa kila kitu chenye jina hilo hawapendi kulisikia, lakini bila utofautishaji huu madai yetu yanakuwa ya kelele tu. Kama kampuni zingejiwekea mpaka huo, hata ule mzigo wa michanganyiko ungepungua, kwa kuwa kipengele ambacho hakijaalikwa kinaweza kukaa nje ya kivinjari kama kiendelezi, kikapimwa peke yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: usiyependa usitumie, na ukikereka hama. Sehemu yake ya kwanza inadhani kipengele kisichobofywa hakina gharama. Tumeona kwamba kinaweza kutuma taarifa bila kubofywa, na kinaweza kuchukua diski na kumbukumbu ya kompyuta. Pia kinaongeza eneo ambalo mshambulizi anaweza kulilenga. Hili la mwisho limekuwa zito zaidi tangu vivinjari vilipoanza kupewa wasaidizi wanaoweza kufungua kurasa na kutenda kwa niaba ya mtu. Agosti 2025 watafiti wa kampuni ya kivinjari cha Brave walionyesha kwamba kivinjari cha Comet cha kampuni ya Perplexity kiliweza kudanganywa na maagizo yaliyofichwa ndani ya ukurasa wa kawaida: mtumiaji anaomba muhtasari, msaidizi anasoma maandishi ya mshambulizi kana kwamba ni amri ya mwenye kompyuta, na kwa kuwa mwenyewe tayari ameingia kwenye akaunti zake, msaidizi ana ufunguo wa kila mlango. Udhaifu huo una mzizi katika namna modeli za lugha zinavyopokea maneno bila kutenganisha kwa uhakika agizo na maudhui, kwa hiyo hautaisha kwa kiraka kimoja. Msimbo ambao haujawashwa haudanganyiki, na mtu anayeuzima anafanya uamuzi wa usalama ulio wa busara kama wa yule anayefunga mlango asioutumia.

Sehemu ya pili ya hoja hiyo, ya kuhama, inadhani kuna mahali pengi pa kuhamia. Injini za vivinjari, yaani sehemu zinazosoma na kuonyesha kurasa, zinazotumika kwa upana zimebaki tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, na Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kuachana na yake, Edge mpya ikatoka Januari 2020 ikiwa juu ya msingi wa Chromium, mradi wa Google ambao Chrome nayo imejengwa juu yake. Kwenye iPhone, kwa miaka mingi kila kivinjari kililazimika kutumia WebKit, hata kama jina la nje lilikuwa jingine, na sharti hilo lililegezwa kwanza ndani ya Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Ni kweli kwamba kampuni ya kivinjari cha Vivaldi, kupitia mkuu wake Jon von Tetzchner, ilisema wazi mwaka 2025 kwamba haitaweka msaidizi wa aina hiyo, na msimamo huo unastahili heshima. Hata hivyo Vivaldi nayo imejengwa juu ya Chromium, na mabadiliko ya kina ya Google, kama yale yaliyovifungia njia viendelezi vya zamani vya kuzuia matangazo, huwafikia wote waliojenga juu yake mapema au baadaye. Anayehama anabadilisha mlango; msingi wa nyumba unabaki mikononi mwa walewale wachache.

Inabaki hoja ya takwimu, ambayo kampuni huitoa kwa kujiamini: ni wachache mno wanaozima, kwa hiyo wengi wameridhika. Hapa kuna kosa la kipimo. Watu wanaoingia kwenye mipangilio kuzima wasichokitaka mara nyingi huzima pia utumaji wa takwimu za matumizi, na kwa hiyo hawaonekani katika hesabu inayotumika kuwapuuza. Wengine hawakujua kwamba kinaweza kuzimwa. Nguvu ya chaguo-msingi, yaani kile kilichowekwa tayari kabla mtumiaji hajagusa chochote, inajulikana vizuri na kampuni zenyewe, kwa maana huilipia. Nyaraka za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo-msingi ndani ya kivinjari chake cha Safari, ingawa kuibadilisha ni suala la kubofya mara chache. Haiwezekani kampuni ilipe fedha hizo kwa kuamini kwamba watu hawabadilishi kilichowekwa, kisha ukimya wa watu haohao usomwe kuwa ni ridhaa.

Jambo ambalo limenishawishi zaidi kuliko yote ni kwamba swichi kamili zimekuwapo muda mrefu, ila kwa wateja wengine. Wasimamizi wa kompyuta za makampuni wana sera za Chrome zinazowawezesha kuweka kwa mkupuo mmoja msimamo wa vipengele vya akili mnemba, vikiwamo ambavyo havijatolewa. Firefox ina sera kama hizo pia, na ina toleo la usaidizi wa muda mrefu ambalo kwa takriban mwaka mzima hupokea viraka vya usalama bila kuletewa vipengele vipya. Chrome huwapa mashirika mzunguko wa wiki 8. Hii inajibu madai kwamba kutenganisha usalama na mambo mapya hakuwezekani, na kwamba swichi inayogusa yajayo haiwezi kuundwa. Vyote viwili vimeundwa, vimepimwa na vinatumika kila siku, kwa sababu benki au hospitali ikikataa, mkataba hausainiwi. Mtu mmoja mmoja hana mkataba wa kushikilia, na hiyo ndiyo sababu ya yeye kupewa kitufe cha "labda baadaye".

Kwa mtazamo huo, kinachofuata hakihitaji uvumbuzi. Toleo la usaidizi wa muda mrefu linaweza kuwekwa wazi kwenye ukurasa wa kupakua, likielezwa kwa lugha ya kawaida, badala ya kufichwa katika kona ya mashirika. Sera ambazo wasimamizi wanazo zinaweza kuonyeshwa ndani ya mipangilio ya kawaida. Kivinjari kinaweza kueleza, pembeni ya kila swichi, ni ipi kati ya zile hatua tano inatekelezwa: kama modeli iliyopakuliwa itafutwa, kama vikumbusho vitakoma, kama yajayo yamejumuishwa. Wasimamizi wa sheria nao wana pa kuanzia, kwa kuwa Kifungu cha 25 cha kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, kinadai ulinzi uwepo kwa chaguo-msingi, na kwa maoni yangu swichi inayojirudisha yenyewe baada ya sasisho ni vigumu kuipatanisha na sharti hilo.

Kuhusu Firefox yenyewe, sifa inayostahili itolewe, na tahadhari iwekwe. Swichi yake bado inaanza ikiwa upande wa kuruhusu, na mtu asiyefika kwenye mipangilio hajaulizwa. Pia inahusu akili mnemba peke yake. Wimbi lijalo la vipengele visivyoombwa huenda likaja kwa jina jingine, kama lilivyokuja kwa jina la usomaji wa baadaye mwaka 2015 na kwa jina la upimaji wa matangazo mwaka 2024. Kipimo cha kweli kitakuja pale kampuni itakapokuwa na kipengele ambacho mapato yake yanakitegemea, kikiwa kwenye mpaka wa kile ambacho swichi inakigusa, na mtu ndani ya chumba cha mikutano akapendekeza kwamba hicho kisihesabiwe. Wanaofuatilia maelezo ya kila toleo wanapaswa kuangalia hasa orodha ya vitu vilivyo chini ya swichi hiyo: kama inakua kadiri vipengele vinavyoongezwa, au kama vipengele vipya vinaanza kuonekana nje yake.